Moyo wa Ngor

Jumatatu, 17 Februari

Sasa hivi Ngor ameukamata mguu wake kwa mikono miwili, akauangalia kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe barabarani, halafu akautia mdomoni. Kidole gumba kimeingia chote. Akanyonya kidogo, akaacha, akanitazama, kama ananiuliza huu mguu ni wa nani. Nimecheka huku nimejiziba mdomo, kwa sababu Mama, mama mkwe wangu, amelala nje chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli, na saa hizi za jua kali hapendi kelele.

Leo ametimiza miezi mitano. Daftari hili nilinunua la mazoezi ya hesabu. Kuna shule ya watu wazima itakayofungua mwezi wa tano, na mimi niliachia darasa la saba kule kambini Kakuma, Kenya. Lakini kurasa za mbele nimempa Ngor. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika. Kidinka naongea tu. Kiarabu cha Juba bado kinanipiga chenga, mwaka wa pili huu tangu turudi. Cha sokoni nakijua. Kikishaingia ofisini kinaniacha mlangoni.

Zamani nilikuwa naogopa nyoka na mwalimu wa hesabu, basi. Sasa naogopa vumbi. Naogopa nzi, naogopa pipa la maji kwa sababu siku moja atajua kutambaa. Akipumua kwa nguvu naogopa, akipumua polepole naogopa zaidi, naweka kidole chini ya pua yake. Hata jina langu limekwenda. Nilikuwa Nyandeng. Sasa Babirye, Mganda anayepika chapati hapo barabarani, ananiita Maama Ngor, na Mama kwa Kidinka chake ananiita Man Ngor, na mimi mwenyewe nikiitwa Nyandeng nageuka kutafuta huyo mtu.

Jumanne, 18 Februari

Joto. Hakuna kingine.

Alhamisi, 20 Februari

Mume wangu Majak amepiga simu kutoka Nesitu. Anaendesha lori la saruji barabara ya Nimule, na safari hii wamezuiliwa hapo, wanangoja magari yawe mengi ndipo waende pamoja, kwa hofu ya majambazi. Akaniambia nimwekee mtoto simu sikioni. Ngor akailamba.

"Amesema nini?" Majak akauliza.

"Amesema ulete nyanya."

"Mwambie baba yake analala chini ya gari kama mbuzi."

Nikacheka, halafu baada ya simu sikucheka tena. Kabla ya Ngor, Majak akisafiri nilikuwa nasema Mungu amlinde, nalala. Sasa nahesabu madaraja.

Mama leo amenisumbua sana na kikombe. Kila nikikaa, analeta maji. "Kunywa, msichana." Nimekunywa juzi, nimekunywa jana, sasa mimi ni ng'ombe?

Jumapili, 23 Februari

Kuna jambo linanikaa kooni na sina wa kumwambia, kwa hiyo naliandika. Wiki iliyopita alikuja mwanamke fulani wa huku mtaani kwetu Sherikat, akakaa na Mama chini ya rakuba. Huyu mwanamke kazi yake inajulikana. Mtoto akipata homa, anamfungua mdomo, anachimba ufizi kwa spoki ya baiskeli, anatoa kitu cheupe, anasema hili ndilo jino la minyoo lililomuumiza. Nilimjua mtoto mmoja aliyetolewa hivyo. Hakufika Krismasi.

Alimtazama Ngor, akasema, "Huyu karibu atakuwa tayari."

Nilingoja Mama aseme hapana. Mama akanyamaza. Alimimina chai, akanyamaza. Tangu siku hiyo nimejiambia, Ngor akiumwa, Mama hatajua.

Jumatano, 26 Februari

Leo nitaandika mengi.

Tangu juzi Ngor amekuwa wa moto na analala sana. Sikulala. Asubuhi nikamwambia Mama naenda kununua sabuni, nikamfunga mtoto mgongoni, nikavuka barabara mpaka ile kliniki ndogo yenye mlango wa kijani. Watu walikuwa wengi, joto la mabati linatupiga vichwani. Nilipoingia nikamkuta tabibu wao, Ponsiano, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikaanza na Kiarabu changu kibovu. Akainua mkono.

"Umetoka Kenya, mama? Wacha, mimi najua Swahili kidogo. Nilisoma Gulu, kulikuwa na Wakenya."

Nilishukuru mpaka machozi yakanitoka. Mwaka mzima sijasemeshwa Kiswahili na mtu wa serikali wala wa hospitali.

Akampima uzito. Akambonyeza utosi kwa kidole, taratibu. Akaweka kile chombo cha kusikilizia kifuani, akasikiliza muda mrefu, uso umekunjamana. Na hapo, chombo bado kiko kifuani pa mtoto wangu, akasema:

"Mtoto hii, moyo nagis."

Nagis nalijua. Ukimpa mwenye duka pesa zisizotimia anakurudishia, anasema nagis. Pungufu.

Nikamuuliza, "Moyo?"

"Aiwa. Nagis ketir." Umepungua sana.

Nikamkumbatia Ngor. Akaniandikia karatasi, dawa ya kushusha homa. Akasema nimpe mtoto lebin, maziwa, lebin kila saa. Nirudi baada ya siku tatu bila kukosa. Nilipokuwa naondoka nadhani aliona nilivyokuwa, kwa sababu alinishika bega akasema, "Na wewe pia, mama. Moyo, moyo ketir. Kila saa." Ananitia nguvu. Nilisema asante, daktari, nitajipa moyo.

Nimenunua na sabuni, ili nisiwe mwongo.

Ijumaa, 28 Februari

Sijamwambia Mama. Sijamwambia Majak, yuko barabarani, mtu hapewi habari kama hii akiwa anashika usukani.

Nimeanza kumlinda. Moyo uliopungua haufai kutumiwa ovyo. Akitaka kucheka na mguu wake namgeuza upande. Akianza kulia namwahi kabla sauti haijatoka. Nimemhamishia ndani, nimefunga pazia, watu wasimchukue wakamrusharusha. Ndani ni moto kama jiko, lakini kumetulia.

Kesho ndiyo siku ya kurudi kliniki.

Jumamosi, 1 Machi

Sikwenda. Nilifika mpaka barabarani. Niliwaza, akisema apelekwe Nairobi akapasuliwe, nitatoa wapi Nairobi? Na akisema hakuna la kufanya, nitalisikia vipi na bado nirudi nyumbani kwa miguu? Nikarudi. Bora nisilisikie kwanza.

Homa imeshuka. Hilo ni jambo jema.

Jumapili, 2 Machi

Nimeamua. Kule Kakuma wamama wa maombi walikuwa wanafunga kavu kukiwa na shida kubwa. Hakuna chakula, hakuna hata tone la maji, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Walimfungia mwanamke aliyekuwa anatoka damu baada ya kujifungua, akapona, nilimwona kwa macho yangu. Mimi nitafunga siku saba. Sitamwambia pasta, atalitangaza. Hii ni kati yangu na Mungu. Nimemwambia, chukua nguvu zangu utie pale palipopungua.

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza. Si mbaya.

Jumanne, 4 Machi

Mama na kikombe chake. Nimengoja ageuke, nikamwagia mpapai.

Nepi imekaa kavu tangu asubuhi mpaka saa kumi. Nimepumzika kufua.

Jumatano, 5 Machi

Redio ya jirani inasema joto limevuka arobaini na shule zimefungwa. Majak amepiga simu. "Mbona sauti yako imekauka hivyo, kama ya mlango?" Nikamwambia ni vumbi. Akasema barabara imefunguliwa, wanashuka Nimule. Nikasema Mungu akulinde. Sikumwambia kitu.

Ulimi wangu unashikana na meno.

Alhamisi, 6 Machi

Ngor ananyonya kidogo, anaacha, anavuta titi kwa hasira, analisukuma. Maziwa yangu yamekuwa machache. Nadhani kunyonya kunamchosha moyo. Nimefupisha, namnyonyesha kidogo halafu namwacha alale. Analala vizuri. Analala sana.

Nikisali naanza sala moja na kumalizia nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Babirye alipita kuniletea chapati iliyoungua pembeni, zile asizouza. Akamwangalia Ngor kitandani.

"Maama Ngor, mbona hii mtoto nalala tu?"

"Amechoka."

"Mutoto ya miezi mitano nachoka na kazi gani? Nabeba saruji na baba yake?"

Siku nyingine ningecheka. Nikamwambia aongee polepole. Akanitazama mimi sasa, akaweka chapati chini. "Na wewe, nyabo, midomo yako iko na nyufa kama njia ya Nimule." Nikaziba mdomo kwa kitenge. Alikaa mlangoni muda, akaenda bila kuaga, na yeye si mtu wa kwenda bila kuaga.

Kesho ni siku ya sita.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa kliniki, nimekaa chini, mgongo ukutani. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Jana mchana, kama saa saba, nilikuwa nampepea Ngor kwa karatasi ya boksi. Macho yake yalikuwa nusu wazi. Nikamwita. Macho hayakuja. Nikamwita kwa sauti. Akafungua mdomo kulia, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama ya paka mdogo, na uso umejikunja wa kulia kabisa, lakini hakuna chozi. Hata moja. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonivunja. Nikapiga kelele.

Babirye akaingia mikono ina unga. Hakuniuliza. Alimfunua mtoto, akafinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaachia. Ngozi ikabaki imesimama, kama shuka uliyoifinya. Haikurudi.

"Banange!" akasema. "Hii mtoto iko kavu! Maama, kuja!"

"Usimshtue," nikamwambia. "Ni moyo wake. Daktari alisema ni moyo."

"Moyo gani? Daktari gani?"

Mama alikuwa mlangoni. Nilimkumbatia Ngor nikarudi nyuma mpaka ukutani, kwa sababu nilimwona yule mwanamke wa spoki nyuma yake. Hakuwepo. Ilikuwa kichwa changu. Mama akanyoosha mikono, akasema kwa Kidinka, polepole, kama mtu anayemwita ndama, "Nipe mjukuu wangu, msichana. Miguu yako inatetemeka, utamwangusha." Na ilikuwa inatetemeka. Nikampa.

Akatoka mbio. Huyu ni mwanamke ambaye kila siku analalamika magoti. Alikimbia bila viatu juu ya ule mchanga wa saa saba, shuka lake likapeperuka, sisi nyuma, Babirye amesimamisha magari kwa mkono wenye unga, dereva wa raksha, bajaji ya huku, anatutukana na yeye anamrudishia matusi ya Kiganda. Mama hakugeuka. Alifika mlango wa kijani wakati mimi bado niko katikati ya barabara.

Ponsiano alipomwona tu alisukuma vitu vyote mezani vikaanguka.

"Mama, nilisema siku tatu! Siku tatu!"

"Daktari, moyo wake umesimama?"

Hakunisikia. Alikuwa anatafuta mshipa. Mkono wa kwanza hapana. Mkono wa pili hapana. Mguu, hapana, mguu mwingine, hapana. Mishipa imelala, alisema, imekwenda wapi. Mama alishika kichwa, mimi nilishika miguu, ile miguu yake, na kila sindano ilipoingia Ngor hakuvuta. Mtoto asipovuta mguu akichomwa, hakuna neno duniani la kusema. Mara ya tano akamnyoa upande wa kichwa kwa wembe, akachoma pale, akavuta, na damu ikaja. Wote tukapumua. Akafunga mpira, maji yakaanza kushuka, tone, tone.

Ndipo nikasema tena, "Na moyo? Maji yatasaidia moyo?"

"Moyo umefanya nini?"

"Ulisema umepungua. Ulisema moyo nagis."

Aligeuka, bado ameshika plasta kwa meno. Akaitoa.

"Mimi?"

"Ulimwekea chombo kifuani ukasema, mtoto hii moyo nagis."

Akaonyesha jerikeni la njano pale pembeni.

"Moya," akasema. "Mama. Moya. Moya nagis!"

Moya ni maji. Hata mtoto wa juzi Juba anajua. Mimi mwenyewe kila asubuhi nasimama barabarani nalipigia gari la tangi kelele, moya, moya, kuja hapa. Lakini yeye alikuwa ameanza kunisemesha Kiswahili, na mimi nilikuwa na furaha ya Kiswahili, na chombo kilikuwa juu ya moyo, na masikio yangu yakaenda upande wa Kenya yakabaki huko. Alikuwa anasema mtoto ana upungufu wa maji. Na pale mlangoni, aliponishika bega, hakuwa ananitia nguvu. Alikuwa ananiambia ninywe. Moya ketir, kila saa, ili niwe na maziwa.

Na mimi nikafunga kavu. Nikamfungia kwenye mabati. Nikampunguzia titi.

Sikuweza kulisema lakini nililisema, kwa sababu Ponsiano aliniuliza nimekunywa nini leo. Nikasema sijanywa. Jana? Sijanywa mpaka jioni. Siku ngapi? Babirye alianza kucheka. Alicheka, "Moyo! Eeh, Maama Ngor, moyo!" akajipiga paja, na katikati kicheko kikageuka kilio, akatoka nje na aproni usoni.

Mama hakuelewa Kiswahili chetu. Aliniuliza wamesema nini. Nikamweleza kwa Kidinka, lote, na mfungo, na kikombe, na mpapai. Nilingoja anipige. Alichukua kile kikombe cha bati cha kliniki, akakijaza kwenye jerikeni, akakileta mdomoni pangu akakishika mwenyewe kama ninavyowashikia watoto wa jirani.

Nilikunywa vikombe vinne. Kabla ya cha tano Ponsiano akanivalisha kile chombo masikioni, akaweka upande wa pili kifuani pa Ngor.

"Sikiliza. Hii moyo ya mgonjwa? Hii moyo ya fahali!"

Ulikuwa unakimbia. Dudu dudu dudu, haraka sana, kama mtu anayegonga mlango huku anakimbizwa. Sikujua kitu kidogo kama kile kinaweza kugonga hivyo. Nilisikiliza mpaka akaninyang'anya, ana wagonjwa wengine.

Jumatatu, 10 Machi

Amekojoa. Saa tatu asubuhi, juu ya mkono wa Mama. Mama amepiga kigelegele, kliniki nzima imegeuka.

Jumatano, 12 Machi

Tumerudi. Ana upara upande mmoja, Babirye anamwita askari.

Nilimwuliza Mama lile jambo. Nilikuwa nimeweka hofu ndani yangu mwezi mzima na sikutaka tena kukaa na kitu ambacho sikukisikia vizuri. Nikamwambia, yule mwanamke wa spoki alipokuja, kwa nini ulinyamaza?

Alikuwa anachambua dengu. Aliendelea kuchambua. Akasema kabla ya Majak alikuwa na msichana, Akuac. Wakati wa vita, porini, mtoto akapata homa, mama mkwe wake akaleta mtu wa kufungua ufizi, na yeye alikuwa msichana tu, aliogopa kusema. Damu haikukata.

"Nikifungua mdomo kwa habari ile nitampiga mtu," akasema. "Kwa hiyo namimina chai. Akinywa chai kwangu, asubuhi hiyo hayuko kwa mtoto wa mwingine."

Mimi nilikuwa nimemficha Ngor asionwe na mtu pekee hapa Juba ambaye angekufa mlangoni kabla spoki haijaingia.

Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Kunywa maji."

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia Majak. Amefika Nimule salama, anasogea kwenye foleni ya mpakani. Nilieleza kila kitu mpaka mwisho, na upande wa pili injini ikazimika.

"Majak?"

"Nimesimamisha gari," akasema.

Baadaye akaniuliza kama mtoto yuko karibu. Nikamwekea simu kwenye pua yake. Majak alimsikiliza akipumua tu. Dakika nzima.

Alhamisi, 20 Machi

Ponsiano amempima. Ameongeza gramu mia tatu. Sasa akiniambia neno namwambia arudie, halafu namrudishia kwa lugha zote ninazozijua. Amesema kwa kukariri huku mara nyingine atanipa mimi mtihani badala ya kumpima mtoto.

Ijumaa, 28 Machi

Mawingu. Hayakunyesha.

Nilidhani hofu itaondoka pamoja na ugonjwa. Haikuondoka. Imebadilisha kiti tu. Nahesabu nepi. Nafinya ngozi ya tumbo lake asubuhi na jioni, na sasa yeye anadhani ni mchezo, nikikaribia anacheka. Mimi nafinya, naangalia, yeye anacheka.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua! Imeanza ghafla, vumbi likanuka, mabati yakapiga kelele mpaka hatukusikiana. Babirye alikimbia na jiko la chapati kichwani. Ngor alishtuka, akakunja uso, akaangalia juu kutafuta nani anafanya hivi. Nilimtoa mkono nje kidogo, matone matatu yakamwangukia. Halafu nikaurudisha na kuupangusa, nikakumbuka mafua.

Jumapili, 6 Aprili

Tope kila mahali. Watu wanasema kipindupindu kiko ng'ambo ya daraja. Nachemsha maji, nayaacha yapoe, nachemsha tena. Mama ananiangalia. "Hayo maji yamekukosea nini?" ameniuliza.

Nilimwuliza mzazi anaacha kuogopa lini. Alifikiri kweli, si jibu la mdomo. Akasema, "Majak ana miaka thelathini na mbili. Nikisikia lori barabarani bado najua kama si lake."

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimekwenda kujiandikisha ile shule. Nilikaa saa moja na nusu bila Ngor, mara ya kwanza tangu azaliwe. Mwalimu aliniuliza jina, nikasema Mama Ngor. Akasema hapana, jina la shule. Ilibidi nifikiri. Nyandeng, nikamwambia, na ikasikika kama naitaja ndugu yangu aliyeko mbali ambaye nimemkumbuka sana. Kwenye foleni maziwa yalinitoka, yakalowesha blauzi, na mwanamke wa mbele akanipa leso yake bila kuniuliza.

Kurudi sikukimbia. Nilitembea haraka, lakini sikukimbia.

Sasa niko ndani na wao wako nje chini ya rakuba, Mama, Ngor na Babirye aliyekuja kuomba chumvi. Mvua imekata. Ngor amekalishwa kwenye mkeka, mito imemzunguka, kwa sababu anataka kujifunza kukaa na anaanguka kama gunia kila upande. Nimejiambia nitaandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa, bila kwenda kuchungulia. Mama yuko pale. Mama ana macho. Nimefika nusu ya ukurasa na moyo unanienda mbio, lakini naandika. Mwezi wa tano nitakuwa nakaa darasani saa tatu nzima hivi, lazima nijizoeze kuwa mahali ambapo hayupo na bado

Mama alikuwa anamwimbia. Ameacha kuimba.

Ngoja, labda amemeza mate. Namaliza sentensi yangu. Lazima nijizoeze kuwa mahali ambapo hayupo na bado nimwamini Mama, na nimwamini Ngor mwenyewe, kwamba ana nguvu zake ambazo mimi

"Man Ngor!"

Ameita. Ameita tena, sauti imepanda, na Babirye naye anapiga kelele, "Maama Ngor, kuja mbio, kuja uone," na mimi nimesimama tayari, naandika nimesimama, nasikiliza, siwezi kujua kama wanacheka au wana